Tanuru Alilotuachia Kilian

Amsterdam, 14 Oktoba 1654

Kwa mdogo wangu Apollonia, mjane wa marehemu Jobst Reuter, Lichtenbrück.

Amani ya Kristo ikutangulie mlangoni kabla ya barua hii. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa miaka sabini na moja. Meno yamebaki matano, macho yanaona mnara wa kanisa vizuri kuliko kijiko mkononi, na miguu imeanza kuvimba jioni. Chakula nakula. Mama Griet, mwenye nyumba hii, ananilisha supu ya njegere hadi naona aibu, na samaki wa chumvi siku zote nyingine. Nakuuliza wewe: mgongo vipi? Binti yako Walpurga amejifungua salama? Na yule bata bukini mkorofi aliyemng'ata mpiga kengele, bado anaishi?

Körber, yule mchuuzi wa kitani anayetubebea barua, amenieleza kwamba Mchungaji Ortlob ametutoka. Nimemwombea. Nilijaribu kutofurahi, na nilishindwa mara moja tu, asubuhi ya kwanza. Miaka ishirini na mbili imepita tangu asimame mimbarani na kijitabu changu mkononi, akisema mpima fedha wa mgodini amejifanya nabii. Na baraza la mji likanipa hadi kengele ya jioni niwe nje ya lango. Sasa yeye yuko mbele ya Hakimu asiye na mimbari, nami bado niko hapa natoa maji ya waridi kwa mvuke na kuwauzia wake za manahodha. Wanafunzi wa teolojia hunijia Jumatano. Wanakaa juu ya masanduku yangu na kuniuliza Kristo huzaliwaje ndani ya mtu. Nawajibu kadiri niwezavyo. Wengine huandika, na mmoja husinzia, na huyo ndiye nimpendaye zaidi.

Kuna jambo dogo nataka kukuuliza, kwa kuwa Ortlob hayupo tena wa kufungua barua zetu. Nilipoondoka, lile yai la kioo la kazi yangu ya alkemia lilikuwa limekaa ndani ya tanuru wiki kumi na nane, na kazi yake ilitaka arobaini. Nilikuomba uutunze moto, usizidi joto la kuku aliyelalia mayai wala usipungue. Mwaka uliofuata ulinijibu kwa mstari mmoja: "Ni jeusi, na limebaki jeusi." Sikukuuliza zaidi. Sasa nauliza. Weusi uliingia wiki ya ngapi? Ulidumu muda gani? Je, hukuona hata mara moja rangi ya lulu pembeni mwa kioo?

Ni udadisi wa mzee tu. Usijisumbue sana. Wasalimie wote wanaonikumbuka kwa wema, na wale wengine pia.

Kaka yako,
Kilian Strauch

*

Lichtenbrück, 2 Desemba 1654

Kaka Kilian,

Barua yako imefika, na neema ya Mungu nayo, natumai. Nyie huko mmeshakuwa siku kumi mbele yetu kwa hiyo kalenda yenu, lakini barua zenu zinachelewa vile vile. Mgongo wangu ni wa mwanamke aliyefuma kitani miaka hamsini, usiuulize. Walpurga amepata msichana, ana nywele nyekundu kama za mama yetu, na sauti yake pia, Mungu atusaidie. Bata bukini tulimla sikukuu ya Mtakatifu Martin. Mpiga kengele alialikwa, akala mapaja yote mawili, akasema sasa amesamehe.

Tumepata mchungaji mpya, anaitwa Hennig, kijana wa miaka thelathini na kitu. Hapigi kelele. Wazee wanalalamika kwamba mahubiri yake hayawaamshi.

Sasa nikuulize mimi. Körber alikuja kuchukua majora ya kitani, akakaa jikoni kwangu kula maandazi ya kuchemsha na uji wa plamu. Akaniambia, "Shangazi, kaka yako ni mtu mashuhuri kule. Ila ana kituko kimoja."

"Kimoja tu?" nikamjibu. "Basi amepona."

"Nakwambia kweli. Kila Jumapili anakaa benchi la nyuma katika kanisa la Walutheri wenzetu. Mahubiri anasikiliza, nyimbo anaimba. Siku wakiandaa Meza ya Bwana, mkate ukiletwa tu, yeye anachukua kofia anatoka. Watu wanasema huo ni utakatifu wa namna yake."

Nikamwambia utakatifu wa Kilian naujua tangu utotoni, huwa unamjia wakati wa kuosha vyombo.

Tulicheka, lakini alipoondoka sikucheka. Wewe mzee, una nini na Meza ya Bwana? Ortlob alikufukuza mjini, hakukufukuza kwa Mungu. Au ndiyo hayo mambo yenu ya rohoni, kwamba mkate wa watu wa kawaida hauwatoshi? Kama ni hivyo, niambie nikukasirikie vizuri. Kama si hivyo, niambie pia.

Kuhusu tanuru. Heinz Mvivu wako, kama ulivyomwita, alibomolewa mwaka wa thelathini na tatu, matofali yako kwenye banda la nguruwe. Kuhusu wiki na rangi, ni zamani hizo, nani atakumbuka? Kulikuwa na vita.

Walpurga anakusalimu. Vaa soksi za sufu mbili mbili, miguu isivimbe.

Dada yako,
Apollonia

*

Amsterdam, 20 Januari 1655

Mdogo wangu Apollonia,

Nimefurahi kwa habari ya msichana mwenye nywele nyekundu, nikamsomea Mama Griet sehemu ile mara mbili, kwa Kiholanzi changu kibovu. Soksi mbili mbili nimevaa. Hazisaidii. Daktari amenibonyeza mguu kwa kidole na kishimo kikabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Anasema maji yamefika magotini, na yatapanda. Hakutaja mwezi, lakini nilipomuuliza kama ninunue makaa ya baridi ijayo, alijifanya anatafuta miwani yake.

Unakumbuka matofali yalikokwenda lakini hukumbuki wiki. Sawa. Sitakulazimisha.

Umeniuliza kwa uwazi, na mimi nimezoea kuwajibu watu wanaouliza kwa uwazi, ingawa kwa wageni ni rahisi zaidi. Mkate wa watu wa kawaida haunitoshi? Ingekuwa hivyo, ningekuwa mjinga tu, na ujinga una dawa. Sikiliza.

Unajua nilivyoanza. Miaka kumi na tisa nilipima fedha kule mgodini. Unaweka madini pamoja na metali ya risasi katika kikombe cha majivu ya mifupa, unakitia motoni, na kikombe kinainywa ile risasi pamoja na takataka zote. Inabaki tone moja dogo. Halafu, kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, tone linamulika. Wapima wote wanakungoja kule kumulika, maana ndiko kunakowaambia kwamba sasa ni fedha tupu. Siku moja, nikiwa na miaka thelathini na sita, niliona kule kumulika nikaelewa kwamba Mungu hufanya hivyo hivyo na mtu. Nililia mbele ya vibarua. Yote niliyoandika baadaye yalitoka katika kitambo kile.

Dhahabu sikuitafuta, wewe ni shahidi. Niliamini kwamba kazi iliyo ndani ya kioo na kazi iliyo ndani ya moyo wa anayeifanya ni kazi moja. Kwa hiyo nilipofunga lile yai kwa moto, niliweka nadhiri ambayo sikumwambia mtu. Nilisema: Bwana, kama mimi ni wako, weusi utakaoingia utapita na weupe utakuja. Kama mimi ni takataka, weusi na ubaki.

Kisha ukaja mstari wako.

Miaka ishirini na mbili nimewaambia wengine waiendee Meza, wajane, walevi, hata mtu mmoja aliyekuwa mwuza watumwa. Nimewaambia hakuna anayekataliwa. Mimi mwenyewe nilishauliza na nikajibiwa. Mtu aliyejibiwa na Mungu haendi kunyoosha mkono tena kana kwamba hakusikia.

Mama Griet anataka kumleta mchungaji na mkate hapa juu, kabla sijashindwa kumeza. Nimemkatalia. Amenuna, supu imekuwa na chumvi nyingi wiki nzima.

Kama kweli hukumbuki, basi. Nisamehe kwa kukurudisha kwenye siku zile.

Kilian

*

Lichtenbrück, 22 Februari 1655

Kaka Kilian,

Tunaendelea vizuri. Theluji ilivunja paa la banda. Mtoto wa Walpurga ana jino. Körber anaondoka kesho, kwa hiyo nafupisha. Nilianza barua nyingine mbili kabla ya hii, zote zimeishia jikoni chini ya chungu.

Usife kwanza. Naomba hivyo tu. Nitaandika.

Apollonia

*

Lichtenbrück, 11 Machi 1655

Kaka yangu Kilian,

Sitakuuliza hali, maana nikianza na hali nitamalizia na hali, kama mara ile. Barua hii inakwenda kwa tarishi wa Leipzig, simngojei Körber.

Baada ya kusoma habari ya nadhiri yako nilikaa nayo kifuani siku kadhaa. Jumamosi nikaenda kuungama kwa Hennig kama kawaida yetu kabla ya Meza. Nikapiga magoti, nikamwuliza, "Mchungaji, dhambi ya miaka ishirini na mbili inahesabiwa kuwa ya zamani au mpya?"

"Kama haijasemwa, ni mpya," akasema.

"Basi nina moja ya leo asubuhi."

"Umemwua mtu, Mama Reuter?"

"Nimeua moto."

Akataka kucheka, akaniona uso, akaacha. Nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umeungama kwa mtu asiyehusika. Karatasi nyumbani unayo?" Nikamwambia ninayo. "Basi kwa nini uko hapa?"

Kwa hiyo nakwambia wewe.

Uliondoka tarehe tisa Oktoba. Uliniachia mama mgonjwa wa kifua, tanuru, na barua. Ile barua yako ninayo hadi leo, Kilian. Ina kurasa sita za tanuru: jinsi ya kuujaza mnara wa makaa asubuhi na jioni ili Heinz ajilishe mwenyewe, jinsi ya kupima joto kwa shavu, jinsi ya kutosema maneno ya hasira mbele ya kioo. Na ina mstari mmoja wa mama: "Mwangalie mama." Nilikuwa na hasira mbele ya kioo chako kila siku. Nilikuwa nakitukana huku nikimwaga makaa.

Lakini niliutunza moto. Wiki tano na zaidi sikuuacha hata siku moja.

Kisha wakaja askari. Walichukua kuni zote, wakachoma uzio wetu na milango ya zizi. Wachoma makaa walikimbia msituni na farasi wao wakachukuliwa, kwa hiyo mkaa haukupatikana kwa fedha wala kwa maombi. Sisi tulibaki na yale magunia yako manne, niliyoyaficha chini ya majani makavu. Ilikuwa baridi ya kupasua mawe. Mama alikuwa anatetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Nilimfunika kwa kila kitu, hata majora ya wateja. Nikakaa naye, nikawa nasikia chini kule makaa yako yakiporomoka taratibu ndani ya mnara, kitu kinakula vizuri, kimeshiba, na mama yangu ana meno yanayogongana.

Tarehe ishirini Novemba, saa nne asubuhi, nilishuka nikafungua mlango wa tanuru. Nikayachota makaa yote kwa sepetu, nikayatia kwenye chungu na kuyapeleka juu. Heinz alikuwa wa baridi kabla ya chakula cha mchana. Magunia yote manne aliyatumia mama.

Aliishi siku kumi na tisa zaidi. Siku hizo alikuwa na joto. Alikaa, akanywa supu, akanisema kwa jinsi ninavyosokota uzi. Siku moja akaniuliza, "Makaa haya ni ya Kilian?"

"Ndiyo, mama."

"Basi safari hii ametengeneza kitu cha maana."

Akafa Jumapili ya pili ya Majilio, amelala, mikono ina joto. Kwenye barua nilikuandikia kwamba alikufa kwa amani. Sikukuandikia imetoka wapi.

Uliponiuliza habari za kioo, nilitazama ndani, kilikuwa cheusi. Nikakwambia ni cheusi. Nilijisemea kwamba hapo sijadanganya, na kweli sikudanganya. Lakini nilijua unachouliza, nami nikakujibu kingine. Niliona ukijua nimeuzima utanichukia, na tulikuwa tumebaki wawili tu. Sikujua kwamba umeweka nafsi yako mle ndani. Laiti ningejua, ningekwambia siku ile ile. Nafikiri ningekwambia.

Mungu hakukujibu chochote, kaka. Ni mimi.

Kioo chako bado kipo, hakijafunguliwa, kiko kabatini nyuma ya mitungi ya kabichi. Ukikitaka, Körber atakibeba ndani ya sufu. Labda kinaweza kurudishwa motoni. Mambo hayo unayajua wewe.

Nimemaliza. Fanya utakavyo na mimi.

Apollonia

*

Amsterdam, 2 Mei 1655

Mdogo wangu, mpenzi wangu Apollonia,

Barua yako ilifika Alhamisi. Nimechelewa siku tatu kujibu, nami nitakwambia kwa nini, maana umenilipa ukweli na sitaki kukurudishia chini ya hapo.

Siku ya kwanza nilipiga hesabu. Wiki kumi na nane, ongeza sita, ni ishirini na nne. Apollonia, wiki ya ishirini na nne ndiyo wiki ya weusi wenyewe. Kitu kilichomo ndani ya kioo hakiwezi kuwa na rangi nyingine wakati huo, hata kama anayeutunza moto ni Mtume Petro. Na kila mwanafunzi wa tanuru anajua kwamba moto ukizimika, kitu kinabaki na rangi ile iliyokikuta. Kwa hiyo hakuna hukumu iliyotolewa. Shauri halikusikilizwa kabisa. Mimi, niliyepima fedha miaka kumi na tisa, niliyewafukuza vibarua kwa kusoma mizani kabla haijatulia, nilisoma matokeo ya jaribio ambalo halikumalizika, nikayabeba miaka ishirini na mbili. Nilicheka hadi Mama Griet akapanda ngazi kuona kama nakata roho.

Siku ya pili nilikitaka kile kioo. Nakiri. Nilifikiri: wiki kumi na sita tu zimebaki, labda nina wiki kumi na sita. Nilianza hata kupima pembe ya chumba hiki kwa hatua, nione Heinz mwingine angekaa wapi.

Siku ya tatu niliirudia barua yako tangu mwanzo, na nikasimama pale penye kurasa sita na mstari mmoja. Nilijaribu kukumbuka kwamba si kweli. Niliandika barua ile nikiwa nimesimama, lango linataka kufungwa, na nilikuwa na nafasi ya kurasa saba. Ningeweza kuzigawa vinginevyo. Wewe ulizigawa upya kwa niaba yangu, kwa sepetu, na mama akafa na mikono yenye joto. Wanafunzi wa Jumatano wakisikia habari hii wataigeuza fumbo na kuiandika vitabuni, kwa hiyo sitawaambia.

Usikilete kioo. Kitupe, au zibia nacho dirisha, ni kioo kizuri cha Bohemia.

Huna deni kwangu. Neno la kusamehe sioni pa kulitia, maana sioni kosa. Ila kama unalihitaji ili ulale, nakupa lote. Upande wangu ndio wenye kosa. Nilikuachia mama kama mtu anavyoacha kiti, na tangu hapo nimewafundisha watu upendo wa Mungu mara moja kwa wiki. Nakuomba msamaha, Apollonia.

Umeniuliza kwa nini siendi mezani, na jibu nililokupa halipo tena. Lakini imeandikwa kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako pale, kwanza ukapatane naye. Kwa hiyo nangoja jibu lako. Maji yamefika mapajani. Tarishi wa Leipzig ni mzuri kuliko Körber.

Kaka yako,
Kilian

*

Lichtenbrück, 24 Mei 1655

Wewe mzee,

Barua imefika leo, tarishi yuko jikoni anakunywa bia na nimemwambia hatoki bila karatasi hii.

Unangoja nini? Mtu ana maji mapajani na anangoja posta. Hiyo ndiyo akili ya kusoma sana. Nilikusamehe mwaka ule ule, siku ya mazishi, nilipoona hakuna mwingine wa kulia naye na nikatamani uwepo. Nilibaki na hasira, ndiyo, lakini hasira na msamaha vinaweza kukaa nyumba moja, mwulize mwanamke yeyote aliyeolewa.

Hata hivyo, kwa kuwa wewe unataka msamaha uandikwe, basi huu hapa, na Mchungaji Hennig amesimama nyuma yangu kushuhudia: mimi Apollonia Reuter, binti wa Strauch, nimemsamehe kaka yangu Kilian kurasa zote sita. Hennig anasema niongeze kwamba naye anakualika mezani kwa jina la kanisa la Lichtenbrück, lililokutoa. Hajauliza baraza. Anasema atawaambia baadaye.

Nenda ukale.

Apollonia

*

Amsterdam, 12 Julai 1655

Mdogo wangu Apollonia,

Salamu nyingi kwako, kwa Walpurga, kwa msichana mwenye jino, ingawa kufikia sasa lazima yawe manne, na kwa Mchungaji Hennig, ambaye namwomba asifukuzwe kazi kwa ajili yangu.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tisa Juni, na Meza ilikuwa Jumapili ya tarehe nne Julai. Hapa kwetu mtu huandikisha jina kwa karani Ijumaa. Karani alinitazama, akatazama daftari, akasema, "Bwana Strauch, miaka yote hii nimekuona, sijui hata jina lako linaandikwaje." Nikamtamkia herufi moja moja.

Jumapili Mama Griet na mwanawe walinishusha ngazi wamenikalisha kwenye kiti, kama mfalme wa vikaragosi. Kanisani mhudumu akaniambia, "Mzee, kaa tu, tutakuletea." Nikamwambia hapana. Nilitaka kwenda. Kutoka benchi la nyuma hadi mezani ni hatua arobaini na moja kwa miguu yangu hii. Mbele yangu alikuwa mwanamke muuza siagi mwenye kikohozi, nyuma yangu baharia aliyenikanyaga kisigino na kuniomba radhi kwa lugha ambayo sikuijua.

Najua utauliza niliona nini. Sikuona kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya kile kitambo cha tone la fedha, na hakikuja. Mkate ulikuwa mkate, divai ilikuwa imechachuka kidogo. Sikuwa nimekula tangu jana yake, kwa hiyo nilikuwa na njaa, nikala. Mchungaji alisema yale maneno, kwamba ni kwa ajili yako, nami sikutafuta mtu mwingine wa kumwelekezea.

Njiani kurudi Mama Griet akaniuliza, "Mbona unatabasamu kama mtu aliyeiba?" Nikamwambia sijaiba, nilipewa. Akasema basi ninyooshe uso, majirani wanatazama.

Daktari alikuja jana. Maji hayajashuka, na bado hapati miwani yake nikimwuliza habari za makaa. Mimi simwulizi tena. Nalala vizuri, hata mchana.

Meza nyingine ni Jumapili ya kwanza ya Agosti. Bado ni mapema sana kwa karani kuandika majina, lakini nilimsihi, naye ameshaniandika.

Kaka yako,
Kilian Strauch